Nimekaa bizinesi kwa pesa yangu, mzee kaniuliza baba yangu yuko wizara gani

#1 Mzigo_Umefika (mleta uzi)

Wakuu salama. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi ni binti wa miaka 26, nauza viatu vya watoto na mabegi ya shule Kariakoo, jumla na rejareja. China naenda mara nne au tano kwa mwaka, safari nyingi ni Guangzhou. Nilianza nikiwa na miaka 21, namsindikiza dada mmoja na kumbebea mizigo, sasa najibebea mwenyewe. Nayasema haya mapema kwa sababu najua mtaanza na "kwani unafanya kazi gani", na swali lenyewe ndilo lililonileta hapa.

Mwezi uliopita nilikuwa narudi. Miguu imevimba kwa kuzunguka masoko ya Sanyuanli, kule Guangzhou, siku tatu kukagua mabegi, kupiga kikokotoo na kubishana na Wachina kwa vidole. Siku chache kabla ya safari shirika la ndege lilinitumia ule ujumbe wao wa dau: weka kiasi chako, tukikubali tunakuhamishia bizinesi, zile siti za mbele. Kwa kawaida naufuta. Safari hii niliweka dola 260, juu kidogo tu ya kiwango cha chini, kwa kipande cha mwisho cha usiku, kutoka kiwanja cha kuunganishia mpaka Dar. Nikasahau. Kesho yake simu ikalia, kadi imekatwa, nimepita.

Shirika silitaji, kiwanja nacho sikitaji. Lililonikuta halikuwa la shirika peke yake.

Nilikuwa nimevaa traki, raba, na kofia ya sweta kwa sababu nywele zilikuwa zimenishinda. Walipoita bizinesi nikasogea kwenye ile foleni yao yenye kizulia. Nyuma yangu kulikuwa na mama wa makamo, kitenge kimeshonwa kikashoneka. Akanigusa bega, kwa upole kabisa.

"Mwanangu, hii ni ya huku kwetu. Ya kwenu wataita baadaye."

"Shikamoo mama. Niko sawa tu."

"Marahaba." Halafu akamgeukia mwenzake, akamnong'oneza kwa ile sauti ya kunong'ona inayofika mpaka mwisho wa foleni: "Watoto wa siku hizi hawasikii."

Mashine ya getini ikawaka kijani. Kijana aliyesimama pale akaiangalia bodingi pasi yangu, akaniangalia mimi, akairudia bodingi pasi. Nikampa na pasipoti kabla hajaiomba. Kwenye mlango wa ndege mhudumu hakusubiri hata kusoma, mkono wake ulikuwa umeshaanza kunielekeza kulia, kule nyuma. Akasoma. Mkono ukakwama hewani, kisha ukarudi taratibu kushoto kama feni inayogeuka. Akatabasamu. Mimi nikatabasamu. Yakaisha.

Sasa jirani yangu. Mzee wa heshima zake, suti, kalamu mbili mfuko wa shati. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Tukaletewa kitaulo cha moto, mimi nikajifuta uso mzima mpaka shingo, yeye akajifuta ncha za vidole. Ndege ikaruka. Baada ya muda akanigeukia.

"Binti, baba yako yuko wizara gani?"

Nikamwambia baba ni fundi baiskeli, yuko Ifakara.

Akacheka kama nimemtania. Aliyefika Ifakara anajua siongopi, baiskeli za pale zinamtosha fundi kusomesha watoto wanne. Akasema, "Haya, sawa. Na mume?" Nikasema sina. Akanyamaza.

Wakuu, ule ukimya niliusikia unapiga hesabu. Baba siye, mume hayupo, basi kuna mtu. Neno lenyewe mnalijua.

Alipozungumza tena alisema, bila ubaya, "Sisi zamani kukaa hapa mpaka uwe mkurugenzi." Na mimi, sijui nilipata wapi ujasiri, nikamuuliza, "Kwani mzee tiketi yako hii ni shilingi ngapi?"

Akafikiri. "Sijui kwa kweli. Ofisi ndiyo inakata."

Nimelitafuna hilo jibu mpaka tunatua. Wawili pale, anayejua bei ya siti yake ni mmoja, halafu huyo ndiye anayeulizwa kaipata wapi.

Wazungu na Wachina waliokuwa mle hakuna aliyenitazama mara mbili. Maswali yote niliulizwa kwa Kiswahili.

Kuna mwenzangu yamemkuta, au ni ile kofia tu?

#2 Kijiweni_Saa_Mbili

Chai. Tena haina tangawizi. Bizinesi dola 260? Hiyo ni bizinesi ya Mbagala–Gerezani, ile siti ya nyuma ya dereva.

#3 Mzigo_Umefika

Mkuu hujasoma. 260 ni juu ya nauli ya ekonomi niliyokwishalipa, na ni kwa kipande kimoja. Ndege ikiwa na siti za mbele ambazo hazijauzwa wanazinadi kwa abiria wa nyuma, anayeweka dau zuri anapita. Ukikosa hukatwi kitu. Bei hubadilika kwa njia na kwa msimu, usiende kuweka 260 wakati wa maonyesho ya biashara ya Canton kule Guangzhou, Aprili na Oktoba, ukaja kunilaumu. Msimu ule hata choo kina foleni.

#4 dreda_mstaarabu

Dada pole. Mimi nina rasta na miaka 24, nafanya grafiki na video za matangazo. Mteja mmoja wa Mwanza alinikatia bizinesi kwa sababu ekonomi ilikuwa imejaa. Zile Airbus A220 za Air Tanzania mbele zina siti 12 tu, kwa hiyo ukiwa kitu cha ajabu huna pa kujificha.

Hakuna aliyenihoji. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la mikono mirefu, nimesimama naweka begi juu. Mama mmoja akanipa koti lake nilitundike. Nikalitundika. Akaniomba maji. Nikamwambia mama nami nasubiri maji. Aliona haya mpaka tunatua, akawa ananipa korosho zake kila baada ya dakika tano.

Sasa ukiwa mwanaume kijana wa Kibongo unarudi kutoka nje ya nchi umekaa mbele, hawakuoni mchepuko wa mtu. Wanakuona umebeba unga. Chagua lako.

#5 Mstaafu_wa_Kinondoni

Wanangu, ngoja na sisi wazee tusikike kidogo, maana naona tunasemwa tu.

Nina miaka 63. Nilifanya kazi serikalini miaka 34, na huyo mzee wa suti angeweza kuwa mimi. Swali lake lilikuwa la kijinga, nakubali. Lakini lina historia. Kwa miaka mingi kijana uliyemkuta mbele ya ndege alikuwa mtoto wa mkubwa, basi. Hatukuwa na kijana wa Kariakoo anayekwenda China mara tano kwa mwaka. Wakati wetu fedha za kigeni zenyewe ulikuwa unaziombea kibali Benki Kuu. Jicho la mtu linazoea lilichokiona.

Kuhusu "ofisi ndiyo inakata" umenichoma, na umenichoma kwa haki. Nilikaa bizinesi miaka mingi bila kujua bei. Novemba 2015 Magufuli alipoingia, safari za nje zikabanwa, na tiketi za daraja la kwanza na bizinesi zikabaki za Rais, Makamu wake na Waziri Mkuu. Safari yangu ya kwanza baada ya hapo nilikaa siti 34 ya katikati, mtoto wa mtu analala begani kwangu. Nilistaafu bila kurudi mbele. Mwaka jana nilikwenda kumwona binti yangu Uingereza, nikataka kujilipia mwenyewe bizinesi kwa ajili ya magoti. Nikaona bei. Nikamwambia mama yenu tutakwenda ekonomi, magoti tutayakanda tukifika.

#6 Mzigo_Umefika

#5 shikamoo baba. Nimekusoma mara mbili. Magoti yanaendeleaje?

#7 Mstaafu_wa_Kinondoni

Marahaba binti. Yapo.

#8 galley_ya_nyuma

Nimefanya uhudumu wa ndege miaka sita, mashirika mawili, sasa nimeacha. Naomba niseme yanayotokea upande wetu.

Kwanza, mhudumu anajua wewe ni nani kabla hujakaa. Kuna orodha, siku hizi iko kwenye tableti: jina, siti, kadi yako ya kukusanyia pointi, kama umelipa, umepandishwa, au unasafiri kwa tiketi ya wafanyakazi. Yule wa mlangoni lakini hana orodha mkononi, ana jicho tu, na abiria mia mbili wanakuja nyuma yako. Anabahatisha. Mkono wa kulia huo ni wa kubahatisha. Siutetei, nasema tu unatoka wapi.

Pili, sababu ya bodingi pasi kuangaliwa mara mbili mbili ni kwamba watu wanahama kweli. Mlango ukifungwa mtu anachukua mto wake anajisogeza mbele. Na wanaofanya hivyo si vijana. Kijana akipata siti ya mbele anapiga picha, anakunywa juisi, analala. Anayejihamisha ni baba mtu mzima anayesema "kwani imekaa bure". Nimewahi kumrudisha nyuma mmoja mara tatu kwenye safari moja.

Tatu, hili nadhani wengi hawalijui. Kijana aliyepiga suti na viatu vinang'aa mle bizinesi mara nyingi hajalipa bei yenu. Ni mfanyakazi wa shirika au mtoto wa mfanyakazi, tiketi ya kusubiri nafasi, na mashirika mengi yana masharti ya mavazi kwa watu hao: wengine hawaruhusu raba, wengine kaptula, wengine ndala. Anayelipa havalishwi na mtu. Kwa hiyo sisi tukimwona mtu na traki na kofia ya sweta tunajua huyu pesa imemtoka, na tukimwona aliyenyooka kama anakwenda kuposa tunasema huyu mwenzetu. Abiria ndio wanasoma kinyume.

#9 Kijiweni_Saa_Mbili

#8 hii sasa ndiyo chai yenye tangawizi. Endelea.

#10 kilo_na_gramu

Niongeze kwenye foleni. Foleni ile yenye kizulia si ya bizinesi peke yake. Ukiwa na kadi ya dhahabu ya Star Alliance, ule muungano wa mashirika ya ndege, mfano umekusanya pointi zako Ethiopian mpaka ukafika ngazi hiyo, unapanda mapema, unaingia launji, na unapata begi la ziada au kilo 20, hata kama siti yako ni ya nyuma kabisa karibu na choo. Ngazi hiyo haiangalii umri, inaangalia umeruka kiasi gani. Mtu wa Kariakoo anayekwenda China kila baada ya miezi miwili anaipata kabla ya mkurugenzi anayekwenda Geneva mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo huyo mama wa kitenge hata angemkuta kijana wa ekonomi pale mbele yake, angekuwa amekosea vilevile.

Na bizinesi yenyewe ilizaliwa na kinyongo. Zamani ndege zilikuwa na daraja la kwanza na ekonomi. Miaka ya 1970 nauli za punguzo zilipozagaa, wafanyabiashara waliolipa nauli kamili ya ekonomi wakaanza kulalamika kwamba wamekaa bega kwa bega na mtalii aliyelipa nusu. British Airways na Pan Am wakawatengea sehemu yao mwaka 1978, Qantas wakafuata 1979. Kitanda kinacholala bapa kabisa mle bizinesi British Airways walikileta mwaka 2000. Yaani tangu mwanzo lile pazia lilitundikwa kwa sababu mtu alimtazama jirani yake akauliza "huyu kalipa ngapi".

#11 Mwana_wa_Kisauni

Hapa kwetu Mombasa huhitaji hata ndege. Panda Madaraka Express, behewa la daraja la kwanza, Mombasa hadi Nairobi shilingi 4,500 tangu bei zipande Januari 2024. Mimi ni mwanafunzi, nilipata siku moja nikasema leo nami nijipe raha. Mzee mmoja kunitazama kuanzia Miritini hadi Voi. Voi akashindwa, akaniuliza, "Kijana, wewe ni wa tour?" Nikamwambia la, mzee, mimi ni wa kiti nambari 41. Akacheka sana huyo, tukawa marafiki, akaninunulia chai. Lakini wallahi kutoka Miritini hadi Voi ni mbali mtu akikutazama.

#12 Bint_Mtoni

Naona mnacheka lakini mleta uzi kasema jambo na limepitwa. "Ukimya ulipiga hesabu." Dreda kapewa koti, wa Mombasa kaulizwa kama ni wa tour, wakacheka yakaisha. Sisi hatuulizwi kitu cha kucheka.

Nakaa Muscat, mume wangu hana habari na ndege, mimi ndiye nasafiri kikazi. Niliwahi kukaa mbele na mwanaume wa miaka yangu, ofisi moja, safari moja, tiketi za aina moja. Yeye jirani yake alimuuliza "unafanya kazi gani?" Mimi wangu aliniuliza "umeolewa wapi?" Tuliposhuka tukalinganisha maswali.

Lililonifurahisha ni moja tu. Mwaka juzi nilimpandisha mama yangu bizinesi kwa pointi, kutoka Muscat kuja Unguja. Chakula kikaja, akakataa. Nikadhani anaumwa. Kumbe anaogopa kinalipiwa. Nilipomwambia kimo ndani ya tiketi akawaita mwenyewe, akala, kisha vile vijichupa vidogo vya chumvi na pilipili akavitia kwenye mkoba. Hakuna aliyemtazama vibaya. Mtu mzima akitia chumvi mkobani ni bibi anayechekesha. Mimi ningetia, ningeambiwa mshamba.

#13 dreda_mstaarabu

#12 hapo sina la kujibu. Umeshinda.

#14 mtaa_wa_kongo

Dada #1, mimi niko mtaa wa pili kutoka kwako nadhani. Hebu toa hesabu, maana mimi bado naona dola 260 ni mzigo mzima wa soksi. Kuna faida au ni raha tu?

#15 Mzigo_Umefika

Ni vyote viwili, sitakudanganya.

Hesabu ya kilo: mashirika mengi yanayokuja kwetu ekonomi ni mabegi mawili ya kilo 23, jumla 46. Bizinesi ni mawili ya 32, jumla 64. Begi moja halizidi 32 hata ukilipa, ni kwa ajili ya migongo ya wapakiaji. Tofauti ni kilo 18. Begi la ziada niliwahi kutozwa dola 200 kaunta kwa sababu sikulilipia mapema. LAKINI soma masharti: mashirika mengine ukipanda kwa dau, mzigo unabaki ule ule wa ekonomi. Mimi safari hii ulibaki ule ule. Kwa hiyo kwa kilo, faida sifuri.

Faida ilikuwa usingizi. Ndege ilitua asubuhi, kontena la mwezi uliotangulia lilikuwa limetoka bandarini, wateja wa mikoani wananisubiri dukani. Safari zilizopita nilikuwa nafika, nalala mpaka saa kumi jioni, siku imekufa na mtu wa Tunduma keshanunua kwa jirani. Siku ile saa nne asubuhi nilikuwa juu ya boksi nahesabu pea. Niliuza. Dola 260 ilirudi kabla ya adhuhuri, na iliyobaki nikampelekea baba spoku na matairi.

Sitapanda kila safari. Labda moja kati ya tano.

#16 Kijiweni_Saa_Mbili

Nafuta kauli ya chai. Ila mama wa kitenge aliishia wapi? Umetuacha hewani.

#17 Mzigo_Umefika

Haha. Tulikutana tena kwenye mkanda wa mizigo. Mabegi yetu wote yalikuwa na ile lebo nyekundu ya kipaumbele, ambayo kwa kawaida haisaidii kitu, na siku ile pia haikusaidia. Tukasimama pale karibu nusu saa, bega kwa bega, yeye haniangalii, mimi simwangalii. Begi langu likatangulia. Zipu imepasuka, viatu vya watoto vinaning'inia nje kama ulimi. Nikaanza kuviokota kwenye mkanda, kimoja kimoja, kinazunguka nakifukuzia.

Akainama akaniokotea kimoja. Akakigeuza, akaangalia soli, akakibinya kwa kidole gumba pale kisiginoni kama mtu anayejua viatu.

"Hivi unauza?"

"Nauza mama."

"Duka lako liko wapi? Nina wajukuu watatu wanafungua shule."

Nikampa kadi. Hakusema samahani, nami sikuwa naisubiri. Alikuja Jumamosi ile ile, akachukua pea tatu, akaomba bei ya jumla. Nikamwambia jumla inaanzia pea kumi na mbili. Akanitazama lile jicho la getini. Nikampunguzia elfu mbili mbili.

#18 Mstaafu_wa_Kinondoni

Binti, nami nina wajukuu. Vyeusi vya shule, namba 34, unavyo?

#19 Mzigo_Umefika

Vipo baba. Vya kamba au vya kubandika?

#20 Mstaafu_wa_Kinondoni

Vya kubandika. Vya kamba hawajui kufunga, na mimi kuinama ndiyo hivyo tena.